Siku Niliyomnyanyua Mama Kanisani

Rubondo, Nakivale
Tarehe 14 Septemba

Kwako yaya Georgette,

Nakusalimu kwa heshima ambayo mdogo humpa dada yake mkubwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Claude na watoto, na kwamba homa za huko Kyangwali zimewapumzisha kidogo. Hapa kambini kwetu mvua imeanza. Tumepanda maharage upande wa juu wa shamba, upande wa chini bado kuna mihogo ya mwaka jana. Mama yupo. Anakula, analala, anasikia kila neno linalosemwa nyumbani, hata yale tusiyotaka ayasikie. Mimi pia nipo. Mgongo wangu, ambao umeuulizia katika kila simu tangu mwaka jana, umepona. Nitakueleza umepona namna gani, na kwa nini sina furaha nao.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ninayo. Yaya, nakujua. Ukitumiwa ujumbe wa sauti unaufungua papo hapo, kwa sauti ya juu, huku unasonga ugali na nyumba nzima inasikiliza. Maneno ya leo si ya kusikilizwa hivyo. Orpa wa kanisani kwetu anakuja huko kwa harusi ya kaka yake, nimemkabidhi bahasha na nimeifunga kwa gundi. Ukiona anakukwepa macho, ujue ameifungua njiani.

Mara tatu umeniuliza kwa simu kwa nini vidonge vya presha vya Mama vilikutwa vizima, pakiti juu ya pakiti, chini ya ndoo ya unga. Mara tatu nimekujibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya hata siku moja. Leo nitakujibu, ila lazima nianzie mbali, kwenye chuma, maana huko ndiko upumbavu wangu ulikoanzia.

Unakumbuka nilipokuwa Mbarara nikipakia saruji katika duka la vifaa vya ujenzi pale Kakoba. Jambo ambalo sikukueleza ni Jumamosi zangu. Nyuma ya gereji moja kulikuwa na uwanja wa kunyanyulia vyuma, mali ya mzee mmoja aliyestaafu jeshi, Afande Bashaija. Vyuma vyenyewe vilikuwa nondo na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na magurudumu ya treni ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza yalitoka wapi. Wanajeshi wa kambi ya Makenke walikuja pale siku zao za mapumziko. Kiswahili ndicho kilichosemwa pale, kila mtu na chake, na mimi niliitwa Mukongo bila ubaya. Nilipapenda mno. Wiki nzima nilibeba mifuko ya saruji na hakuna aliyenitazama. Jumamosi nilinyanyua kopo la zege, nikalirudisha palepale lilipokuwa, na watu wazima wakanipigia makofi. Mtu anaweza kulewa makofi, yaya. Mimi nililewa.

Agosti ya mwaka jana, Jumamosi moja, nilifika pale nimetoka kupakua lori zima tangu asubuhi. Kijana mmoja wa Makenke alikuwa ametoa chuma chini na kusimama nacho mara mbili. Nikasema mimi nitasimama nacho mara tatu. Mara ya pili Afande aliona mgongo wangu umeanza kupinda, akanijia karibu kabisa, akaniambia kwa sauti ya chini, “Mukongo, weka chini. Mugongo haiuzwi kwa duka.” Nilimcheka. Mara ya tatu, chuma kilipofika magotini, nilisikia kitu kinakatika chini ya kiuno kama kamba ya mbuzi. Nikaanguka juu ya zege. Wale walionipigia makofi wakanibeba juu ya mlango wa gereji, wanaume wanne, nami nikilia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Hospitalini mjini walinipiga picha, wakasema mfupa haukuvunjika, ila kile kitu laini kilicho kati ya mifupa miwili ya chini kimesogea na kinabana mshipa. Wakanipeleka kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo, Sista Mukarukundo. Mimi nilidhani atanipa vyuma vidogo. Akanitandikia mkeka. Akaweka mkono wake juu ya tumbo langu, akaniambia nikaze, nikakaza, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi usio na chumvi. Alisema, “Mugongo yako haina makosa mingi. Tumbo ndio imelala. Tunaamusha tumbo pole pole, na wewe hapana beba kitu.” Miaka yote ile, na mikono yangu ambayo ulikuwa ukijivunia, kumbe katikati palikuwa patupu.

Mazoezi yenyewe ni ya aibu. Unalala chali, magoti juu, unakaza tumbo kana kwamba mtu anataka kukupiga ngumi, halafu unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha unabadilisha, huku unapumua. Kupumua ndiyo kazi. Halafu unapiga magoti na kuweka viganja chini, unanyoosha mkono mmoja mbele na mguu mmoja nyuma, unakaa hivyo ukihesabu pumzi. Halafu unainua matako kutoka chini na kuyashusha taratibu. Ni hayo tu, asubuhi na jioni, na miezi mitatu bila kunyanyua kitu kizito kuliko birika.

Nilirudi hapa Rubondo nikafanya kama nilivyoagizwa. Mke wangu Mariette alinihesabia pumzi huku akichambua maharage. Mama alikaa mlangoni akicheka mpaka machozi, akisema amezaa mwanamume na sasa amerudishiwa mende aliyepinduka. Nilicheka pia. Wiki ya kwanza sikuweza kufikisha pumzi tatu. Wiki ya nne nilifikisha kumi. Wiki ya saba nilivaa viatu vyangu mwenyewe, na Mariette akaenda nyuma ya nyumba kulia ili nisimwone. Ningeendelea hivyo, barua hii isingekuwepo.

Kanisani kwetu kulikuwa na juma la maombi, mwezi wa kumi na moja. Pasta Gervais unamfahamu, si mwongo na si mlaji wa vya watu. Siku ya mwisho aliwaita wagonjwa mbele. Mimi sikutaka kwenda. Mama ndiye aliyenisukuma, akasema mimi ninahesabu pumzi na mwenye pumzi namkwepa. Nikaenda. Wakaniwekea mikono, kwaya ikaimba, nikasikia joto mgongoni na maumivu yakanyamaza. Yaya, yalikuwa yameanza kunyamaza siku nyingi kabla. Nilikuwa na wiki tisa za mkeka mgongoni mwangu, nikazichukua zote nikazipa zile dakika mbili. Pasta aliponiuliza kama nimepona nilisema ndiyo, na wakati ule niliamini.

Kisha akasema nioneshe watu. Kanisa zima likasimama. Nilitazama huku na huku nikitafuta kitu cha kunyanyua. Bafle la kwaya, ile spika kubwa, lilikuwa na nyaya. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kile kiti chake cha plastiki chenye mikono ambacho huwa anakibeba kwa sababu ya magoti. Nikainama, nikashika kiti pande mbili, nikamnyanyua Mama pamoja na kiti mpaka kifuani. Wewe hukuwepo lakini umeona, maana kijana wa kwaya alichukua video, na wewe uliiweka kwenye simu yako watu wote waione, ukaandika kwamba huyo ni mdogo wako, simba wa kwetu Fizi. Mama anacheka juu ya kiti, kilemba kimemshuka jichoni. Makofi yalikuwa mengi kuliko ya Kakoba.

Ambacho wewe hukukiona kwenye video ile ni kilichofuata. Nilipokuwa ninashusha kiti, ile kamba ilikatika tena. Nilibaki nimesimama, ninatabasamu, jasho linaingia machoni na watu wanadhani ni machozi ya furaha. Nilitoka kanisani nimemshika Mariette begani kama bwana harusi. Kesho yake sikuweza kuinuka kwenda chooni. Siku tatu nilikuwa kitandani, na watu waliokuja kushangilia muujiza waliambiwa mlangoni kwamba nimefunga, ninamshukuru Mungu. Mariette ndiye aliyewaambia. Ni mimi niliyemtuma.

Baada ya hapo nikawa mtu wa ushuhuda. Walinialika Base Camp, wakanialika Juru, nikipanda boda boda kwenye zile barabara huku nimeuma kola ya shati. Mazoezi yakaisha. Mtu aliyeponywa mbele ya watu mia mbili halali kwenye mkeka kukaza tumbo. Mara moja nilijaribu, nimefunga mlango, na mzee mmoja wa kanisa akaingia bila hodi akanikuta nimepiga magoti, viganja chini, mguu mmoja hewani. Nikasema ninaomba. Akapiga magoti kando yangu akaomba na mimi nusu saa. Ningekuwa nakusimulia habari ya mtu mwingine, ningecheka.

Mwezi wa pili Mama alianguka uani, asubuhi, akiwa na kopo la maji ya kunawa mkononi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakapotea. Hayo unayajua. Wiki tatu Mbarara, kisha nyumbani. Ukaja mwezi wa tatu, ukamwogesha kwa mikono yako, na kila jirani aliona binti anavyompenda mama yake. Siku ya nne ulikwenda kuchota unga, ukakuta pakiti nane za vidonge chini ya ndoo, hazijaguswa.

Ulizimwaga pale uani mbele ya wanawake wa kwaya na mbele ya Libérate, jirani yetu Mrundi. Ukasema kwamba mke wangu alimnyima Mama dawa, kwamba alichoka kumtunza mkwe akaona amsukume kidogo, na kwamba watu wa kwao ndivyo walivyo. Ukasema mengine ambayo sitayaandika, maana yamekaa kwenye masikio ya kila mtu hapa. Mariette hakukujibu. Alinitazama mimi. Unakumbuka nilichofanya? Niliuliza kama chai imeiva. Ulipoondoka, hazikupita siku tano, naye alifunga vitu vyake, akawachukua watoto wote wawili, akaenda kwa dada yake Juru. Mpaka leo.

Nikabaki na Mama, na siwezi kumwinua. Fikiria, yaya. Mtu aliyemwinua mama yake mbele ya kanisa hakuweza kumtoa kitandani kumpeleka kwenye jua. Libérate alikuja kumshika miguu, mimi mabega, na siku moja mgongo ulinikataa katikati nikamwachia, akaangukia godoro. Hakuumia. Libérate, ambaye ni Mkatoliki na ana mdomo wake, aliniambia tu kwamba miujiza ya kanisani kwetu haina kumbukumbu.

Nilirudi kwa Sista Mukarukundo. Alinigombeza mpaka wagonjwa wengine wakaacha kusoma simu zao. Kisha akatandika mkeka uleule tukaanza upya, kutoka pumzi tatu. Safari hii nilimweleza ninachotaka: kumwinua mtu mmoja, mwanamke mzima aliyepooza upande mmoja, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, kila siku, kwa maisha yaliyobaki. Akanifundisha. Mgongo unyooke, kiuno kirudi nyuma, mzigo ukae karibu na tumbo, tumbo likazwe kabla mikono haijavuta, pumzi itoke wakati wa kuinuka. Nilifanya mazoezi kwa mfuko wa mchanga, kilo kumi, kisha ishirini. Aprili nilikuwa ninatetemeka kwa pumzi tano. Juni nilikaa juu ya kiwiko kimoja, ubavu hewani, kwa dakika nzima. Hakuna aliyepiga makofi, na kwa mara ya kwanza sikuyatafuta.

Katikati ya Julai nilimwinua Mama peke yangu. Nilipiga goti kando ya kitanda, nikamvuta kifuani, nikakaza, nikapumua, nikasimama. Mgongo haukusema neno. Nikampeleka mpaka uani nikamweka kwenye kiti chake, kile cha plastiki. Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kisha akainua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akanyoosha kidole juu mbinguni, akanigusa mgongo, akanyoosha tena juu. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa ule muujiza wa mwezi wa kumi na moja. Kila asubuhi nilipomwinua alifanya hivyo. Asubuhi ishirini na tatu nilivumilia kile kidole.

Sasa soma polepole, yaya, maana hapa ndipo jibu lako lilipo.

Desemba, wiki ya Noeli, Mama aliniita jikoni tukiwa wawili. Alikuwa anasafisha samaki wadogo, ndakala. Akaniuliza bila kuniangalia, “Elisée, mwana wangu, sema kweli. Ulipona, ao ulifurahisha tu batu?” Usiku ule sikuwa nimelala kwa maumivu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na ganzi wakati ananiuliza. Nikajibu, “Nilipona, Mama. Kabisa.” Akasema basi, vizuri, akaendelea na ndakala zake.

Ningependa kukuambia kwamba sikujua kwa nini aliuliza. Nilijua. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimemwona amekishika kidonge kiganjani, anakitazama kama mtu anayetazama nauli ya safari ambayo hana haja ya kuifanya tena. Alikuwa ananiuliza kama aendelee kukimeza. Na yeye hakuwa mjinga. Yeye alikuwa juu ya kile kiti. Alisikia mwenyewe mikono yangu inavyompandisha. Kila Mariette alipompelekea dawa na uji, Mama alimuuliza huku anacheka, “Kama Mungu aliinua huyu mgonjwa na mimi juu yake, damu yangu ndiyo itamushinda?” Akavipokea vidonge kwa adabu, akavificha chini ya ndoo.

Mariette alivigundua mwezi wa kwanza. Hakuja kwako, hakwenda kwa majirani, alikuja kwangu. Alisema, “Ambia Mama ukweli. Anaacha dawa juu yako.” Nilikuwa nimealikwa kutoa ushuhuda Jumapili iliyofuata, na shati nilikuwa nimeshapigiwa pasi. Nilimwambia mke wangu kwamba akifungua mdomo, kwa Mama au kwa mtu yeyote, arudi kwao. Hakufungua. Hata siku ile uani, wewe unamwaga zile pakiti na kumwita muuaji, alishika amri yangu. Alinitazama tu, akisubiri niifute. Nikaulizia chai.

Hilo ndilo jibu. Mariette hakumnyima Mama dawa. Mimi ndiye niliyemwondolea, kwa neno moja, kwa sababu niliona haya kurudi kwenye mkeka.

Agosti, asubuhi ya Jumanne, baada ya kumketisha Mama uani na yeye kunyoosha kidole chake juu, nilichuchumaa mbele yake nikamwambia yote. Juu ya kamba iliyokatika wakati ninashusha kiti, juu ya zile siku tatu za kufunga, juu ya jibu nililompa jikoni. Nilimwambia mgongo huu umepona kwa mkeka na kwa kuhesabu. Alinisikiliza. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wa kiti. Akauchukua kwa mkono wake mzima, akauondoa pale, akauacha hewani.

Nilikwenda pia kwa Pasta Gervais. Hakunifokea. Alisema imani ya watu wengi imeegemea pale, tungoje Jumapili inayofaa. Nilingoja Jumapili tatu. Ya nne, wakati wa shuhuda, nilisimama bila kuitwa nikasema kwamba sikuponywa siku ile, kwamba nilimdanganya Mama yangu na wao wote, na kwamba kila mwenye dawa nyumbani aimeze. Sikumaliza. Kwaya ilianzisha wimbo. Kisha wakanizunguka, wakaniwekea mikono palepale mgongoni, wakaomba roho ya mashaka initoke. Kusema nimepona walinisadiki mara moja. Kusema nimedanganya wameniombea saa nzima. Wanawake wawili tu walinifuata nje kuuliza habari za dawa zao, na kwa hao wawili ninashukuru.

Halafu nikaenda Juru. Mariette alinipa maji ya kunywa, akaniacha nikae na watoto mpaka nimalize maneno yangu. Nilimwambia nimeshasema kwa Mama na kanisani, nikamwomba arudi. Aliniambia kwamba yeye mimi ameshanijua, hataki tena maneno yangu. Akasema, “Nitarudi siku yaya yako atasimama fasi ile alisimama, mbele ya bale batu, aseme haikukuwa kweli.” Nikamwambia wewe uko mbali, una watoto, una shamba. Akanijibu kwamba umbali ulikuwa uleule ulipokuja kumtukana.

Kwa hiyo nakuomba uje, yaya. Najua unanichukia unaposoma hapa, na una haki. Nichukie safarini. Lakini uje, usimame uani kwetu mbele ya Libérate na wanawake wa kwaya, umtoe Mariette lile jina ulilompa. Lilikuwa langu. Mama hana maneno mengi sasa, matatu au manne, na moja ni Mariette. Analitaja asubuhi na jioni, anatazama njia ya Juru. Hajalitaja langu tangu ile Jumanne.

Tena hataki nimguse. Nikipitisha mikono chini yake anajikaza mwili wote kama gogo, na upande mzima unanisukuma. Libérate anakuja na binti yake, wanamwinua vibaya, wanamvuta kwapani, na mimi nimekatazwa hata kuonesha njia. Kila asubuhi ninatandika mkeka wangu karibu na kitanda chake, mlango wazi, apitaye aone. Mama ananitazama mwanzo mpaka mwisho, lakini hacheki. Nikimaliza ninasimama kando ya kitanda, mgongo umenyooka, tumbo limekazwa, mikono tayari. Anageuza uso ukutani, anamsubiri Libérate.

Nisalimie shemeji Claude, na ukimweleza umweleze yote, usinihurumie. Nisalimie watoto mmoja mmoja. Pasta anakusalimu, Libérate anakusalimu na kusema ukija uje na zile ndizi zenu za Kyangwali. Mama angekusalimu.

Jambo la mwisho. Ile video, usiifute. Ifungue uitazame mpaka mwisho, pale kiti kinapoanza kushuka. Usimtazame Mama wala usinitazame mimi. Tazama nyuma, karibu na dirisha. Utaona mwanamke mmoja unayemjua, ambaye hapigi makofi, ameziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu ameuona uso wangu.

Ni mimi mdogo wako,

Elisée